Mchele wa Mashine

Kila asubuhi, kabla ya kuingia kazini, Rehema alisimama mbele ya Direkta Florentin na kufungua viganja vyake, kama mtoto wa shule anayengoja fimbo. Direkta aliviangalia, akavigeuza, akaviangalia tena. Mwenye kidonda alirudishwa nyumbani. Watu wa mtaa wa Kasuku waliopita na pikipiki zao walisema, kweli kazi ya serikali ina usafi wake.

Kisha mlango ulifungwa kwa komeo, na nyuma ya nyumba gurupu, jenereta ya umeme, ikaanza kunguruma na kutema moshi wa mazuti. Mpaka jioni, mtaa mzima haukusikia kitu kingine.

Humo ndani ndimo ilimokuwa mashine ya kukoboa mpunga. Serikali iliileta kwa treni, ikaizindua kwa ngoma na maneno marefu. Waliiita ubunifu. Walisema wafanyabiashara wa Kindu watapata mchele safi, na akina mama watapata ajira. Hilo la ajira Rehema hakuweza kulipinga. Mwisho wa mwezi alilipwa. Wajukuu alioachiwa na marehemu binti yake walikula asubuhi na jioni, na mdogo wao alikuwa amerudi shuleni.

Aliyemuuma moyo ni Sharifa.

Wawili hao walianza kutwanga pamoja wakati wa vita. Treni ilikuwa haiingii tena, wenye silaha walikuwa wamebeba kila injini ya mji, na mtu alikula kile tu ambacho mikono ya mwanamke iliweza kukitoa ndani ya ganda. Walitwangia chumbani, kinu kikiwa juu ya blanketi zilizokunjwa, ili wapita njia wasijue kwamba humo kuna chakula. Na woga usije ukawamaliza, walitegana vitendawili kwa kunong'ona.

"Ninamupiga kila siku, na yeye njo ananilisha," Sharifa angesema, na Rehema angejifanya hajui, wakati kinu chenyewe kiko katikati yao.

Vita vilipokwisha walitoka nje wakaendelea, sasa kwa kishindo, wakiwatwangia wafanyabiashara wa soko. Mpaka mashine ilipokuja. Direkta alichagua wanawake wachache, Rehema akiwemo. Siku hiyo Sharifa alikuwa kitandani na homa, akaachwa.

Basi wateja wakahama, leo huyu, kesho yule. Mchele wa mashine ulikuwa na punje nzima, na wazee walisema una ladha ya zamani. Walipokutana kwenye bomba la maji, Sharifa alisogeza ndoo yake pembeni kwa adabu iliyojaa uchungu.

"Pita, mama ya mashine. Sisi wa mikono hatuna haraka."

Wanawake wakacheka. Jibu lilimfika Rehema mdomoni, akalimeza. Direkta alikuwa amewaapisha wasitamke neno juu ya kazi ya ndani, eti siri ya ubunifu ikitoka, watu wa Kalima wataiiga. Atakayesema, hana kazi. Na kila alipomfikiria Sharifa, aliwafikiria pia wale watoto.

Siku moja alimkuta Sharifa amechuchumaa mahali walipopakilia magunia, anaokota chenga za mchele na kuzitenganisha na mchanga. Rehema alipita njia ya nyuma ili asionekane.

Ndipo tume ikaja kutoka Kinshasa. Ilifika saa ya mapumziko, gurupu imenyamaza. Viatu vyao vilikuwa vizuri mno kwa vumbi la pumba, wakabaki uani. Walionja wali, wakapiga picha na akina mama. Mkubwa wao, bwana mwenye sauti ya upole, alimuuliza Rehema kama mradi umeleta kazi kweli, au ni maneno ya redio tu.

"Kazi iko, papa," Rehema alisema. "Iko mingi, mpaka tunalala na mabega inauma."

Wakapiga makofi. Kwa furaha hiyo wakaagiza magunia maradufu.

Walipoondoka, Direkta alikaa amejishika kichwa. Alisema mashine sasa inataka watu wengine. Rehema akataja jina moja tu. Direkta akauliza kama huyo mama ana nguvu, na kama anajua kufunga mdomo.

"Aliufunga vita yote," Rehema alijibu.

Jioni, Rehema alipokwenda kwake, Sharifa hakumkaribisha kiti. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na ilimchukua muda kuamini kwamba hakuletewa dhihaka. Kisha hasira ikamtoka usoni, hofu ikaingia.

"Yaya, mukubwa wangu, mimi sijagusa mashine hata siku moja. Nikiharibu kitu ya serikali?"

"Hautaharibu."

"Unajua namna gani?"

"Kuja tu, mudogo wangu."

Asubuhi Sharifa alifika amekaza kilemba kwa nguvu, gurudumu lisije likakivuta. Pete yake aliiacha nyumbani. Njia nzima alimuuliza Rehema mahali gani pasiguswe, na ajitupe upande gani chuma kikiruka. Rehema alimshika mkono, wakaingia. Komeo likafungwa. Nyuma ya nyumba gurupu ikakohoa mara ya kwanza.

Rehema alimwacha macho yake yazoee giza.

Mashine ilikuwa pale katikati, kubwa, bado imevaa nailoni iliyosafiri nayo, na buibui alikuwa ametanda juu ya nailoni. Kuizunguka, ukuta hadi ukuta, wanawake walikuwa wamesimama, michi juu ya vinu, wakingoja kelele ya gurupu ikolee.