Mashahidi wa Mama Kahambu

"Mama, ni miye. Isaïe."

Mabata bukini wawili walikuwa wameshamvamia mgeni miguuni, wanamdonoa. Mama Kahambu, ambaye macho yake yalizimika miaka mitatu iliyopita, alisimama mlangoni akasikiliza. Hakumsikiliza yule mtu. Aliwasikiliza mabata.

Sauti ya mtu ingemsaidia nini? Isaïe alitekwa njiani kwenda Beni akiwa na miaka kumi na mitatu, bado anaongea kitoto. Tangu siku hiyo wameshakuja Isaïe wawili hapa Kabondo. Wa kwanza alikula wiki nzima, wa pili akaondoka na redio. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa hiyo mama alibaki na mashahidi wawili tu. Isaïe aliwalea mabata wale tangu walipoanguliwa, wakawa wanamfuata mpaka mlango wa shule. Mtu wa nyumbani walimnyamazia, mgeni walimtoa mbio. Mwaka jana, ugonjwa ulipomaliza kuku wa mtaa mzima, wao walipona. Lydie, mpwa wake anayewalisha, ndiye aliyemletea habari hiyo njema. Sauti zao tu zilikuwa nyembamba kuliko zamani.

"Ni uzee, mama," alisema Lydie.

Na Isaïe alivyowajua mabata! Siku moja wavuvi wa kabila la Wagenia, kule mtoni, walimshikisha bata wa pori, akarudi nyumbani na damu kidoleni, anacheka: "Mama, ile ya pori iko na mwiba ku bawa! Ya kwetu haina. Haziko famille moja, haziko ndugu!"

"Mama, fukuza hizi bata basi," mgeni alisihi. "Nikukaribie."

"Kama uko Isaïe, zinyamazishe we mwenyewe."

Mgeni aliinama, akawatazama vizuri.

"Mama... hizi haziko bata yangu."

Hapo mama hakuwa na shaka tena. Hata uongo wenyewe huyu hakuujua vizuri.

"Toka! Mutoto wangu angejua bata zake!"

Yule mtu alilia waziwazi, bila haya. "Nimetembea miezi mbili, mama. Sitarudia kuja." Pikipiki iliyomleta ikanguruma, ikateremka kuelekea bandarini, mpaka isisikike tena.

Mama alibaki na uchungu wa kumkosa mwanawe kwa mara ya tatu. Lydie alikuwa bado sokoni. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu macho yazimike, mama alichota mahindi mwenyewe, akawaita walinzi wake. Mmoja alikuja, akala kiganjani.

"Asante, muzee wangu," alimwambia, akimpapasa shingo, kisha mgongo, kisha bawa.

Penye kiungo cha bawa, kidole chake kikachomwa na mwiba.