Mtu wa Kubaki

Gari la wagonjwa lilifika kabla Mzee Asajile hajajua kwamba anaumwa. Ndivyo mambo yalivyo Tukuyu siku hizi: bangili ya mkononi husikia moyo ukianza kuyumba, nayo huita gari lisilo na dereva. Mzee alichukuliwa akiwa bado anatafuna ndizi, anacheka.

"Nibakizie mchuzi!" alimwambia mkewe, Tumpe, huku mlango wa gari ukijifunga. Ndugu hawaruhusiwi kupanda magari hayo.

Zamani Tumpe alikuwa kwenye kikosi cha uokoaji cha mji, watu wa kujitolea wenye pikapu moja na machela ya turubai. Walikuwa na desturi yao: wakishampakia mgonjwa, mmoja wao hapandi. Anabaki kule nyumbani, anazima jiko, anafunika chakula, anakaa na aliyeachwa mpaka habari irudi. Kazi hiyo ilikuwa ya Tumpe. Magari mapya yalipokuja kikosi kilivunjwa, na hakuna aliyeuliza nani atabaki.

Alizima jiko. Akafunika sahani ya mumewe. Kisha akavuta kigoda hadi karibu na mlango, mahali alipozoea kukaa kwenye nyumba za watu, akakitazama kiti chake mwenyewe, kitupu, pale mezani.

"Pole, dada," alikiambia. "Usiogope. Mimi nipo."

Bangili yake ikawaka.

"Mama Tumpe, unaongea na nani?" iliuliza kwa upole. "Humo ndani uko peke yako. Tulia hapo hapo, gari linakuja kukuchukua na wewe."