Pengo la Mbuzi wa Silanga

Kwa mara ya tatu, mashine ya kupima vinasaba ilikataa kusoma mahali palepale. Mulwa, mtafiti wa mbuzi wa mjini, aliinua karatasi ili Apiyo aone weupe ule katikati ya maandishi.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

Mafuriko ya Silanga, kule Kibera, yalimwachia Apiyo mbuzi wawili kati ya tisa: mkubwa mwenye sikio lililokatwa nusu, na binti yake. Kisha binti akapotea. Wiki mbili baadaye alionekana amefungwa kwenye ploti ya Mzee Kimotho, Kawangware 46. Kimotho aliapa kwamba amezaliwa hapo, ila hajatiwa alama ya sikio kama wenzake. Wakakubaliana manyoya yapimwe, karatasi iamue.

"Karatasi ni tupu," alisema Kimotho. "Mama, enda nyumbani."

"Siendi! Nikikosa huyu, nitaanza na nini tena?" Apiyo alikuwa akilia waziwazi, haya imemwisha.

Mulwa alitoa karatasi ya yule mbuzi mkubwa, akailaza kando ya ile ya kwanza. Weupe uleule, mahali palepale.

"Kumbe si mashine," alisema polepole. "Kuna kipande hakiko kwa damu yao. Hiyo ni kitu ya kurithi. Nimepima mbuzi mia tatu Kibera, sijaona pengo kama hili."

"Si nilisema!" Apiyo aliruka. "Ni mtoto wa mbuzi wangu!"

"Pengine hata zangu ziko hivyo," Kimotho akabisha.

"Basi zipimwe! Moja tu ikipatikana na hilo pengo, huyu mdogo baki naye."

Jumatatu Apiyo alifika kwa Kimotho mapema, amemleta mbuzi mkubwa ili arudi na bintiye wakiwa pamoja. Alikuwa amewatafutia hata majani mabichi, na kamba ya yule mdogo tayari ameishika. Mulwa alikuja na majibu ya mbuzi saba wa Kimotho, akayapanga juu ya benchi bila kumtazama mtu usoni.

Karatasi zote saba zilikuwa na pengo lile.

Apiyo alifungua mkono, akaiachia kamba ya yule mdogo. Lakini Kimotho hakuigusa. Macho yake yalikuwa kwa lile sikio la mbuzi mkubwa, lililokatwa palepale anapotia alama mbuzi wake.

"Mama," aliuliza kwa upole, "na huyu ulinunua kwa nani?"