Nguzo Kando ya Uzio

Shamba zima lilikuwa wazi, lakini mke wa Mkata Nyasi aling'ang'ania kwamba nguzo ya mwisho ya wavu wa kuzuia mipira isimame kiganja kimoja tu kutoka uzio wa klabu ya gofu. Mumewe alishika sururu, akautazama uzio, akamtazama mkewe.

"Turudi nyuma hatua tano tu," alisema. "Tusiwachokoze."

"Chimba hapo hapo."

Akachimba.

Jina la Mkata Nyasi alilipata upande wa pili wa uzio ule, alikosukuma mashine ya kukatia nyasi miaka kumi na tisa. Mkewe alifua taulo za wanachama humo humo. Siku klabu ilipowaachisha kazi wote wawili kwa karatasi moja, hawakulia. Walikwenda kwenye shamba ambalo mkewe alilirithi kwa baba yake, vichaka vitupu vilivyopakana na klabu, wakapiga magoti kwenye magugu pamoja na binti yao, wakaomba. Kisha mkewe akasimama, akajipangusa, akasema hapa watafungua uwanja wao wa mazoezi ya gofu. Yeyote atakayekuja atapewa fimbo na ndoo ya mipira, apige hadi achoke, na hakuna atakayemuuliza ni mwana wa nani.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Gofu ya ndala, walisema.

Miezi saba waling'oa visiki kwa mikono. Mkata Nyasi alizifufua fimbo zilizovunjika, akizitia mipini mipya moja moja. Binti, ambaye gofu aliijua kwa kuchungulia tu kwenye matundu ya uzio, akawa mwalimu. Walipofungua, wiki tatu hakuja hata nzi. Kila asubuhi mkewe alifagia, akapanga ndoo, akaomba kwa sauti mbele ya viti vitupu, kisha akafungua lango kana kwamba foleni imefika barabarani. Mumewe alipomshauri wapumzike kidogo, alimjibu kwamba Mungu hajamwambia afunge, na kama amemwambia yeye, basi alete ujumbe kamili.

Mteja wa kwanza alikuwa muuguzi aliyetoka zamu, na kweli alivaa ndala. Aliukosa mpira mara sita. Mara ya saba ukaruka, na kelele yake ya furaha ikasikika hadi klabuni. Jumamosi alirudi na wenzake wanne. Mwaka ulipokwisha, watu walikuwa wakisubiri zamu.

Hapo ndipo barua zilipoanza. Mwenyekiti wa klabu aliandika kwamba kelele zao zinasumbua wanachama. Mke wa Mkata Nyasi akasimamisha bango jekundu, UWANJA WA FAMILIA, likiitazama baraza ya klabu. Mwenyekiti akaandika kwamba wamevamia ardhi isiyo yao. Mke akatundika kengele kwenye nguzo ile ya uzioni, igongwe kila mteja akipiga mpira ukaenda mbali. Barua ya tatu aliisoma akiwa amesimama, akaitumia kukaushia fimbo.

Mkata Nyasi alikonda. Mwanzoni kabisa, kabla hata ya kung'oa kisiki, alitaka wamwite mpima ardhi awaonyeshe mpaka. Mkewe alikataa katakata, wala hakusema kwa nini. Sasa alidhani ameijua sababu: mkewe aliyaogopa majibu. Hata marehemu mkwewe alikuwa mtu wa maneno. Hadi anaingia kaburini alilalamika kwamba shamba lake linasinyaa kama nguo iliyofuliwa, na jamaa wakasema ni uzee. Karatasi za shamba za mtu wa namna hiyo zingeaminika vipi?

Barua ya nne ilisema mpima ardhi anakuja Alhamisi, ameajiriwa na klabu, na chochote kitakachokutwa nje ya mpaka wa shamba lao kitabomolewa siku hiyo hiyo. Mkata Nyasi alimsihi mkewe waende kuomba radhi. Wang'oe nguzo, washushe bango, waokoe kitakachookoleka.

"Nimefukuzwa na hawa watu mara moja," mkewe alisema. "Inatosha. Waje."

Alhamisi Mwenyekiti alikuja na wakili, na tingatinga likanguruma barabarani. Mpima ardhi, mama mmoja mwenye miwani mizito asiyetaka mazungumzo, alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia, akatandaza ramani ya zamani kutoka ofisi ya ardhi. Wateja waliacha kupiga. Binti alimshika baba yake mkono.

Mpima ardhi akaanza kutembea. Alifika kwenye nguzo, hakusimama. Akaomba afunguliwe lango dogo la klabu, akapita, akavuka shimo la mchanga, akaenda hadi katikati ya nyasi laini za shimo la kumi na nane, karibu kabisa na bendera. Hapo akamwambia kibarua wake achimbe. Mwenyekiti alifoka kwamba nyasi zile zimeagizwa kutoka nje. Jembe likagonga zege. Jiwe la mpaka lilikuwa pale, namba yake ikisomeka vizuri.

Mpima ardhi aliandika, akatia sahihi, akampa Mwenyekiti nakala kwa kuwa ndiye aliyemwajiri. Kutoka jiwe hili hadi uzioni, alisema, ni shamba la mama yule pale.

Mkata Nyasi alimfuata mkewe hadi kwenye lango dogo.

"Ulijua," alimwambia mkewe. "Miaka yote hii ulijua, na ukanikatalia kumleta mpima ardhi wetu."

Mkewe alikuwa ameshapita lango dogo, anavua viatu ili azikanyage zile nyasi.

"Wetu wangemkataa," alisema. "Huyu wamemleta wenyewe."