Kadi Ndani ya Feni

Nilipofungua skrubu ya mwisho, mota ya feni ya hita ya gari la Baba iliniangukia mkononi pamoja na kiota cha panya.

Baba alikaa upande wa dereva, akifuta ukungu kwenye kioo kwa leso. Asubuhi za baridi za kijijini kwetu Nyarero, bila hita huoni barabara.

"Fundi wa chuo, bado tu? Ibada itaisha."

Kiota kilikuwa cha kadi ya harusi iliyotafunwa. Kipande kimoja kilibaki na ukingo wa dhahabu, jina la dada yangu Sheila, na mwandiko wake: "Mdogo wangu, usikose."

Sheila aliolewa Migori miaka miwili iliyopita, bila hata ng'ombe mmoja wa mahari kufika zizini kwetu. Baba alituambia Sheila hakutualika. Tangu siku hiyo, dada akipiga simu sipokei.

"Umeona tatizo?"

"Panya, Baba. Walijengea vitu vya kwenye droo ya dashibodi."

Leso ikasimama kwenye kioo.

Nikafunga mota mpya, nikawasha. Hewa ya moto ikapuliza, na kioo kikaanza kukauka kutoka chini.

"Sogea huku, Baba, niendeshe mimi," nikasema. "Leo tunakwenda kwa Sheila."