Zimwi Lenye Ufunguo

"Hapo anasema nini?" Mama aliuliza.

Yeye na binti yake walikuwa wameketi kwenye kitanda cha kaka wa binti, wakigawana waya wa kusikilizia muziki wa simu, sikio moja la mama, moja la binti. Magitaa ya hevi metali yalinguruma kama mashine ya kusaga. Juu ya ngurumo hiyo kaka, mwimbaji wa bendi, alikuwa akibweka maneno ambayo wengi waliyasikia kama kikohozi. Tangu wamzike, Mama hakuwa ameomba kumsikiliza hadi leo.

"Ni hadithi ya kutisha tu, Mama. Nyimbo zao ndivyo zilivyo. Kuna zimwi."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," Mama alisema, akatabasamu. "Linafanya nini?"

Binti alitaka kuchomoa upande wake, lakini waya ulikuwa mfupi na Mama alikuwa ameushika. Uongo haukumjia upesi.

"Linamfungia mtoto kabatini, linaondoka na ufunguo. Mtoto anasikiliza nyayo zake mpaka zinaisha. Ndipo giza linaanza kumwita kwa jina."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Mama, ila halikuwa tena na mwenyewe. Kidole gumba chake kilisugua waya, huku na huku, na sikioni mwa binti kila msuguo ulisikika kama kucha kwenye mbao.

"Nilikuwa naenda kazini," alisema taratibu. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Barabara ilikuwa mlangoni, mwanangu, na magari yale. Ningemwacha na nani?"

Ubeti wa mwisho ulikuwa umeanza, na binti alikuwa ameukariri wote.

"Mwishoni," Mama aliuliza, "linarudi kumfungulia?"