Majani ya Uvunguni

Tangu siku Mwanaheri alipozikwa, taa ya jikoni ilikataa kila dawa aliyochemsha mumewe, Shekue. Siku hizi kila nyumba ina taa hiyo. Humulika dawa ya mitishamba, na mwanga usiponaswa na dawa vya kutosha, dawa ni hafifu na kifuniko cha kikombe hakifunguki.

Binti yao, Zaina, alikohoa hadi akachoka. "Baba, majani unayaanika juani?"

"Kwani huanikwa wapi, mwanangu? Msikitini?"

"Mama alianika uvunguni."

Shekue akapiga magoti, akavuta ungo wa marehemu. Akachemsha yaliyokuwamo, na kifuniko kikafunguka. Zaina akanywa, akalala.

Ungoni yamebaki majani ya sufuria moja. Mapya aliyoanika Shekue yako uvunguni, na taa bado haijayapima.